Nanasi Lililopambwa

Kila asubuhi mashine ya getini ilimkataa mama mkaguzi. Ilikuwa kisanduku cheusi kilichofungwa ukutani kwenye kiwanda cha sabuni nilikoanza kazi, kule Mbagala. Unasimama mbele yake, inakutazama usoni, inalinganisha sura yako na picha iliyonayo, na ikiridhika inawasha taa ya kijani na mlango unafunguka. Kwa mama mkaguzi iliwasha nyekundu. Akasogea karibu, nyekundu. Akarudi nyuma hatua moja, akaushusha mtandio mabegani, akaipa tabasamu. Nyekundu.

"Mama, weka wanja," mlinzi akamwambia, kama alivyomwambia jana na juzi.

"Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niweke wanja, kwani naolewa?"

"Sasa itakujuaje?"

"Mie nina miaka ishirini na mbili hapa. Yenyewe ina mwaka mmoja. Nani anatakiwa amjue mwenzake?"

Mlinzi akacheka, akamsogezea daftari la mahudhurio. Mama akasaini kwa herufi kubwa za hasira. Mimi nikasaini chini yake, kwa sababu nilikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio na sura yangu ilikuwa bado haijasajiliwa.

Kisa chenyewe kila mtu kiwandani alikijua. Siku ya kusajili sura iliangukia Jumamosi, na Jumamosi hiyo mama alikuwa anatoka kazini moja kwa moja kwenda kwenye harusi ya mpwa wake. Alikuja amekamilika: poda, wanja, nyusi za kuchora, midomo myekundu, mtandio wenye nyuzi za dhahabu. Mashine ikampiga picha, ikamkariri hivyo. Jumatatu akaja na uso wake wa kazini, na tangu hapo wakawa hawaelewani. Ofisini walitaka kuifuta ile picha wampige nyingine. Alikataa katakata.

"Sijawahi kutoka vizuri vile maishani mwangu," alisema. "Aifute mtu nimwone."

Nimeanza na habari hii kwa sababu jibu la matatizo yangu yote ya wiki ile lilikuwa pale getini, na mimi nililipita kila asubuhi na daftari langu kwapani. Najihesabu kuwa mtu anayeona mambo. Nina tabia ya kuandika: saa, nani alikuwepo, nini kilisemwa, nini kilibadilika. Kwetu Tabata, nilipokuwa natengeneza mashine za fotokopi, wateja walidhani mimi ni mtu wa mapato. Lakini daftari haliandiki ambacho mwenye nalo hajakiona.

Kazi niliyopewa ilikuwa hii. Kiwanda kilitengeneza sabuni za kufulia, kila kipande kikiwa kimegongwa mhuri wa nanasi. Vipande vilitoka kwenye mashine ya kugonga, vikaingia kwenye mkanda, vikapita mbele ya mama mkaguzi aliyekaa kwenye kiti cha plastiki cha bluu mwisho wa mkanda. Yeye aliondoa vibovu: nanasi lililokatika, nanasi lisilo na majani, kona iliyomeguka. Vilivyokataliwa vilirudi kuyeyushwa. Sasa mwisho wa mwezi alikuwa anastaafu, na badala ya kutafuta mtu, kiwanda kilileta kamera. Kamera yenyewe waliletewa kwa kujaribu kwanza. Meneja aliniita ofisini akaniwekea mambo wazi.

"Kimsingi," alisema, kwani hakuwa na sentensi isiyoanza hivyo, "bosi anakuja Ijumaa saa tano. Atachanganya sabuni nzuri na mbaya kwa mkono wake, apitishe. Kamera ikitenganisha vizuri, inabaki na wewe unabaki. Isipotenganisha, kimsingi, inarudi kwa wenyewe."

"Na mimi?"

"Na wewe unarudi kwa wenyewe."

Wenyewe wangu walikuwa mama yangu mzazi na wadogo zangu wawili Tabata, ambao walishawatangazia majirani kuwa nimekuwa injinia.

Jumatatu nilifunga kamera juu ya mkanda, nikaizungushia taa ya duara, nikawasha kompyuta. Hapa niieleze kidogo, kwa sababu watu wengi pale walidhani kamera inaona kama sisi. Haioni. Haijui sabuni ni nini wala haijawahi kula nanasi. Inachofanya ni kutafuta kingo, yaani pale mwanga unapokutana na kivuli. Unaionyesha kipande kimoja kizuri, unakizungushia mstari kwenye skrini, unaiambia: hiki ndicho kielelezo. Inakariri kingo za kile kipande. Baada ya hapo kila sabuni inayopita inalinganishwa na kielelezo na kupewa alama, kama mwalimu anavyosahihisha, kati ya sifuri na mia. Wewe unaamua alama ya kufaulu. Anayefeli anapulizwa na bomba la hewa lililo pembeni, anadondoka kwenye kreti. Kwa hiyo kila kitu kinategemea kile kielelezo.

Nilimwendea mama mkaguzi kwenye kiti chake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndo hilo jicho lenyewe?"

"Ndilo. Mama, naomba unisaidie. Nichagulie sabuni moja, iliyo nzuri kuliko zote, niipige picha. Hiyo ndiyo kamera itakayojifunzia."

Aliitazama kamera. Kisha akauliza taratibu, "Yaani huyu ndo ananirithi?"

"Ndiyo, mama."

"Na hiyo picha ndo ataishika siku zote?"

"Siku zote."

"Haya. Niachie mie."

Mama alikuwa Mzaramo wa Charambe, na mwisho wa wiki alikuwa mtu mwingine kabisa. Alichora piko mikononi mwa mabibi harusi na kuwafunda; waliopita mikononi mwake hawahesabiki. Nilijua hayo. Nilikuwa hata nimeyaandika. Niliandika: "Mkaguzi, mzoefu, ana mkono mwepesi." Nikaenda kukaza boliti za kishikio cha taa.

Baada ya chakula cha mchana aliniletea sabuni. Aliileta kwenye kisahani cha chai, juu ya kitambaa cheupe, mikono yake miwili ikiwa chini ya kisahani. Nikaiweka chini ya kamera, nikapiga picha, nikaizungushia mstari. Skrini ikaonyesha nanasi limetandazwa kwa mistari ya kijani, kila jicho mahali pake, kila jani na ncha yake. Sijawahi kuona kielelezo kisafi namna ile hata kwenye kozi ya wauzaji. Nilijaribu ile ile sabuni: mia kwa mia.

"Kafaulu?" mama aliuliza.

"Kapata mia."

"Alhamdulillah," akasema, akaichukua sabuni yake na kisahani chake akaondoka. Nikaandika: "Saa nane na dakika kumi. Kielelezo safi. Kazi imekwisha."

Jumanne asubuhi niliweka alama ya kufaulu themanini, nikawaambia wawashe mkanda. Sabuni ya kwanza ikapita chini ya kamera. Pwaa, bomba la hewa likaipuliza ndani ya kreti. Ya pili, pwaa. Ya tatu, ya nne, ya kumi. Ndani ya dakika chache kreti ilijaa na mwisho wa mkanda hapakuwa na kitu isipokuwa mama kwenye kiti chake, ameweka mikono mapajani kama mgeni aliyesahauliwa.

"Sista, hii kamera imetoka chuo kikuu?" aliuliza mmoja wa wapakiaji. "Maana inafelisha wote."

"Labda inataka hela ya masomo ya ziada," mwenzake akamjibu.

Nilisimamisha mkanda. Aliyepata alama nyingi kuliko wote alikuwa na sitini na moja. Nikaanza kushughulikia kwa mpangilio, jambo moja moja. Nilifuta lenzi. Nilipima mtikisiko wa mkanda. Niligundua nilikuwa nimeiambia kamera isubiri nanasi likiwa limesimama wima, wakati nusu ya sabuni zilipita majani chini. Nikaiachia izungushe kielelezo duara zima. Zilizokuwa kichwa chini zikapanda kutoka sifuri hadi hamsini na tisa. Hiyo ilikuwa hatua, lakini hamsini na tisa si themanini. Nikapunguza mwanga, nikaongeza mwanga. Nikairuhusu kamera ikubali nanasi dogo kidogo au kubwa kidogo, halafu dogo sana na kubwa sana. Mwishowe nikafanya kitu ambacho kila mwalimu amewahi kutamani kufanya: nikashusha alama ya kufaulu hadi hamsini na tano.

Wote wakafaulu. Wazuri, wabaya, wasio na majani, waliomeguka. Mkanda ulienda kwa raha. Na hapo, kwa bahati yangu, meneja akaja kuangalia.

Ilikuwa imefika saa saba. Mama mkaguzi kwa miaka yote ishirini na miwili alikuwa na desturi ya kuweka bakuli lake la chakula pembeni ya mkanda, limefunikwa kwa kawa dogo alilolisuka mwenyewe kwa ukili wa rangi. Siku hiyo pembeni kulikuwa na nyaya zangu. Basi akaliweka juu ya mkanda wenyewe, ambao saa hiyo huwa umesimama, akaenda kunawa. Mkanda haukuwa umesimama. Bakuli likaanza safari, likapita chini ya kamera. Skrini ikachora mistari ya kijani kuzunguka kawa, kwenye kila pindo la ukili, na pembeni ikaandika: nanasi, hamsini na nane.

Bomba la hewa halikupuliza. Bakuli lilifika salama kwa wapakiaji, na mmoja wao akaanza kulitafutia katoni.

Meneja aliangalia skrini. Akaangalia bakuli. Akafunua kawa: wali na maharage na kipande cha samaki.

"Kimsingi," alisema polepole, "sabuni zetu si mananasi. Ila chakula cha mama ni nanasi."

"Meneja, hiyo ni kwa sababu ya ukubwa niliou..."

"Na kimelizidi nanasi hili hapa kwa alama tatu."

"Jamani, wali wangu!" mama alipiga kelele kutoka kwenye bomba la maji. "Nani anaufungia wali wangu?"

Kiwanda kizima kilicheka mpaka mtu wa boila akatoka kuuliza kulikoni. Meneja hakucheka. Alionyesha vidole vitatu: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Kisha akaondoka.

Jumatano nilifanya uchunguzi. Nilianza kuhisi kuna mtu anayenihujumu, na nikaandika majina ya wote waliokuwa na sababu. Orodha ilikuwa fupi na ya aibu, maana aliyekuwa juu kabisa alikuwa mama mkaguzi: ndiye anayeachia kiti. Nikakaa naye, daftari wazi, nikamwomba anieleze jinsi anavyotambua sabuni mbaya, hatua kwa hatua. Nilidhani akisita nitamjua.

Hakusita hata kidogo. Aliinua sabuni kwenye mkanda akaipitishia kidole gumba. "Hii nzima." Akaitupa nyingine kwenye kreti bila kuitazama. "Hii imenuna."

"Imenuna vipi, mama?"

"We huioni? Majani yamelala. Na hii hapa ina haraka, imetoka kabla ya wakati. Hii inaniangalia vibaya. Hii nzima, japo si mcheshi."

Niliandika yote. Imenuna, haraka, vibaya, si mcheshi. Ni ukurasa ambao hauwezi kuingizwa kwenye kompyuta yoyote. Kisha akafanya jambo lililoniondolea shaka yote juu yake: alinipa nusu ya samaki wake.

"Kula mwanangu, umekonda. Huyo mwali wako atanyooka tu. Wote wanaanzaga hivyo, wanakataa kila kitu. Siku ya tatu wanalainika."

"Mama, Ijumaa isipofanya kazi mimi naondoka."

Aliacha kutafuna. "Unaondoka wapi?"

"Hapa. Ndivyo alivyosema meneja."

"Kwa ajili ya kamera?" Alitazama juu kwenye kile kijicho cheusi, akakikunjia uso. "Mie nimekupendezeshea kila kitu, we unanifukuzishia mtoto?"

Alikuwa anaongea na kamera. Nikaandika, "Mama anaongea na kamera." Nikafunga daftari. Sentensi yenyewe, ile ya kumpendezeshea, nilikuwa nimeisikia kwa masikio yangu mawili na sikuiandika.

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu, tulikuwa getini. Mashine ikamwashia nyekundu. Akasogea, nyekundu.

"Mama, weka wanja," alisema mlinzi.

"Niache baba, leo sina hamu."

"Si mashine inamtafuta yule wa harusini? Huyu wa kila siku haimjui."

Nilikuwa nimeshika kalamu ya kusainia. Niliiacha juu ya daftari la mlinzi, nikaingia ndani karibu nakimbia. Niliwasha kompyuta, nikaifungua ile picha ya Jumatatu, nikaikuza mpaka nanasi likajaa skrini. Kisha nikachukua sabuni kwenye mkanda nikaiweka pembeni ya skrini. Halikuwa nanasi lile lile. La kwenye skrini lilikuwa na mistari mirefu iliyozama, macho yote yamechongwa umbo la almasi, majani yenye ncha kama ya sindano, na ndani ya kila jani uzi mwembamba katikati. Sabuni nzima iling'aa. La mkononi lilikuwa na mabonde mepesi yaliyofifia, kama nanasi lililochorwa mchangani halafu watu wakapita.

Mama aliingia akihema.

"Mama," nikamuuliza, "ile sabuni ya Jumatatu, uliifanya nini?"

"Niliiandaa."

"Uliiandaaje?"

Aliniangalia kama niliyemuuliza maji yanachotwaje. "Niliifuta kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Nikaipaka mafuta ya nazi kidogo, tone tu. Halafu nikachukua kijiti cha meno nikampitia mistari, kila jicho, kama ninavyochora piko. Majani nikayatia ncha. Nilikosa chakula cha mchana siku ile."

"Kwa nini?"

"Ulisema anapigwa picha!" Sauti ilipanda. "Picha ya kukaa siku zote! Mtu anapigwa picha na vumbi la mkandani? Hata kama ni sabuni, ndugu zake wataionaje?"

Nilikaa chini, kwenye kiti chake cha bluu. Kamera yangu haikuwa na kosa. Ilikuwa inafanya kile kile mashine ya getini ilichokuwa inafanya kwa mwaka mzima: ilionyeshwa bibi harusi, kisha ikapewa foleni ya watu wanaotoka kufua, ikaambiwa imtafute.

"Nimekuharibia?" mama aliuliza. Sasa sauti ilikuwa ndogo.

"Hapana, mama. Mimi ndiye niliyekuagiza vibaya. Nilisema nzuri kuliko zote. Ninayotaka ni ya kawaida."

"Ya kawaida unaipigia picha ya nini?"

Hilo lilituchukua asubuhi nzima. Niliokota sabuni kumi mfululizo kutoka kwenye mkanda bila kuchagua, nikazipanga mezani, na mama akazikagua. Tuliondoa zilizonuna. Kati ya zilizobaki nilimwomba achague ya katikati, isiyo bora wala duni. Alihangaika nayo kuliko alivyohangaika na ile ya kupambwa. Alishika hii, akarudisha. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kijiti cha meno, na nilimnyang'anya mara mbili.

"Angalau niifute vumbi."

"Hapana, mama."

"Kona hii tu."

"Mama!"

"Maskini," aliiambia sabuni nilipoiweka chini ya kamera. "Hata hukuambiwa."

Nikapiga picha. Nikarudisha mipaka ya ukubwa ilivyokuwa, kamera isikubali kitu kinachozidi sabuni, kawa likakosa sifa. Nikaacha kielelezo kizunguke duara zima. Nikaweka alama ya kufaulu sabini na tano. Mchana kutwa mama alikaa upande mmoja wa mkanda akisema kwa sauti, "Nzima, nzima, imenuna, nzima," na mimi nikatazama skrini, na kila aliposema imenuna bomba la hewa lilipuliza. Jioni alinipigia makofi ya taratibu. Nilimuuliza tu kwa kutaka kujua, ile sabuni iliyopambwa iko wapi.

"Nilimpa meneja. Kaiweka mezani kwake, anazuilia nayo karatasi."

Sikuandika hilo pia.

Ijumaa saa tano bosi alifika. Ni mtu mfupi, mpole, aliyerithi kiwanda kutoka kwa baba yake, na hakuwa na haraka. Alichukua sabuni nzuri thelathini na mbili na mbaya nane, akazichanganya mezani kwa mikono yake, akaanza kuziweka kwenye mkanda moja moja. Wapakiaji walikuwa wamesimama ukutani. Mama alikuwa kwenye kiti chake, midomo inacheza. Nadhani alikuwa anasoma dua.

Nzuri zikapita. Mbaya ikapulizwa. Nzuri, nzuri, mbaya ikapulizwa. Nilihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Mbaya ya nane ilipodondoka kwenye kreti nikavuta pumzi ya kwanza tangu asubuhi. Zilibaki nzuri chache, zikapita zote.

"Bado moja," alisema meneja.

Alitoa sabuni mfukoni mwa koti. Nadhani alitaka kunisaidia, kumalizia kwa kitu cha kumfurahisha bosi. "Kimsingi, bosi, hii ndiyo bora kuliko zote kiwandani. Naiweka mezani kwangu." Akaiweka kwenye mkanda kabla sijafungua mdomo.

Ikaingia chini ya taa iking'aa. Skrini ikaandika sitini. Pwaa.

Bosi aliinama mwenyewe akaiokota kwenye kreti, akaigeuza geuza.

"Hii?" alisema. "Imeikataa hii?"

Meneja alinitazama. Nilikuwa na majibu mawili na yote mabaya. Nikisema kamera ni nzima, itabidi niseme nani aliichezea sabuni, na huyo alikuwa amebakiza wiki mbili za heshima baada ya miaka ishirini na miwili. Nikinyamaza, kamera inaonekana haijui sabuni nzuri, na mimi narudi Tabata kuzibua fotokopi. Nikaanza, "Bosi, ile sabuni..."

"Ile si ya kwetu, bosi," alisema mama mkaguzi kutoka kitini. "Ile ni ya picha."

"Ya picha?"

"Niliipamba mie. Kwa kijiti cha meno. Jicho limesema kweli: hiyo hapo haifanani na hizi. Mie mwenyewe ningekuwa kitini na sikuijua, ningeitoa."

Nilidhani atafukuzwa pale pale, na mimi nyuma yake. Bosi hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameisogeza sabuni karibu na macho, anapitisha ukucha kwenye majani.

"Huu uzi katikati ya jani," aliuliza, "umeutoa wapi?"

"Si ndivyo lilivyokuwaga? Nilipoanza kazi nanasi lilikuwa na uzi kwenye kila jani. Baba yako alikuwa anautazama kila asubuhi. Ulifutika pole pole, watu hamkuona."

Bosi alichukua sabuni ya kawaida kwenye mkanda akaishika mkono wa pili. Aliziangalia zote mbili kwa muda mrefu, kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya ujanani na kioo kwa wakati mmoja.

"Meneja," alisema, "mhuri umebadilishwa lini?"

"Kimsingi..." alianza meneja, na kwa mara ya kwanza neno hilo halikufuatwa na kitu.

Haukuwahi kubadilishwa. Shaba ya mhuri ilikuwa imesagika kidogo kidogo mpaka tukasahau nanasi lilivyokuwa, sote isipokuwa mtu mmoja aliyeligusa kwa kidole gumba kila siku. Bosi aliagiza mhuri mpya uchongwe, na akasema fundi aichukue ile sabuni ya mama aifuate mstari kwa mstari. Kisha akanigeukia.

"Mhuri mpya ukija, kamera itakuwa bado inalijua nanasi hili lililochakaa?"

"Ndiyo, bosi. Itakataa yote mapya."

"Kwa hiyo lazima mtu aifundishe upya."

"Lazima."

"Na tena mhuri ukianza kuchakaa."

"Na tena, bosi."

"Basi mpeni barua yake ya ajira," alimwambia meneja, akatazama saa, akaenda kuswali.

Jumatatu iliyofuata, kwa kuwa nilikuwa mwajiriwa, nilipelekwa getini kusajili sura. Niliosha uso, nikachana nywele, basi. Nilikuwa nimeamua: uso wa kila siku, wa kawaida, wa katikati. Mtu aliyejifunza kwa njia niliyojifunza mimi hawezi kukosea hapo. Mlinzi alibonyeza vitufe, mashine ikafungua jicho lake.

"Subiri kwanza!" Mama mkaguzi alikuwa ameshasimama pembeni yangu na mkoba wazi. "Unapigwa picha hivyo hivyo? Ya kukaa siku zote? Mama yako Tabata akiiona?"

"Mama, wewe ndiye unayejua kuliko wote kwa nini..."

"Funga macho."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na hoja zote, na nyingine nilikuwa nimeziandika. Lakini kidole gumba chake kilikuwa kimeshanishika kidevu, chepesi kama nilivyokieleza kwenye daftari, na baada ya wiki mbili hakingekuwepo tena. Nikafunga macho. Alinitia wanja, akanipaka poda, akanichora nyusi ambazo sijawahi kuwa nazo. Mashine ikapiga picha. Mlinzi akanigeuzia kioo cha skrini na, lazima nikiri, nilikuwa nimetoka vizuri.

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu, mama alisimama mbele ya mashine. Nyekundu. Akasaini. Nikasimama mimi. Nyekundu. Nikasogea mbele. Nyekundu.

Mlinzi alinisogezea daftari bila kuinua kichwa.

"Sista," alisema, "weka wanja."